Wanewari wa bonde la Kathmandu wakiwa ughaibuni: zamu ikifika, nani atapika?

MkweWaPatan (Maryland)

Wakuu, heshima kwenu. Kila chakula cha Nepal kinapotajwa humu jukwaani, watu wanaleta momo (vifuko vya unga vyenye nyama ndani, vya kuvukizwa), wali na dengu, halafu mada inafungwa. Mimi nimeoa Mnewari, mzaliwa wa Patan, na nina ya kusema zaidi ya hapo.

Kwa asiyewafahamu: Wanewari ndio wenyeji wa bonde la Kathmandu, yaani Kathmandu yenyewe, Patan (pia huitwa Lalitpur), Bhaktapur, Kirtipur na vijiji vya katikati. Sensa ya Nepal ya 2021 iliwahesabu kama milioni 1.3, chini ya asilimia 5 ya wananchi wote. Lugha yao ni Nepal Bhasa, ambayo haina undugu na Kinepali. Wapo Wahindu, wapo Wabuddha, na wengi wanasali kotekote bila kuona tatizo.

Sinia lao linaitwa samay baji. Katikati inakaa baji: mpunga ulioloweshwa, ukakaangwa, ukapondwa hadi punje zikawa bapa. Unaliwa hivyohivyo mkavu. Pembeni kuna chhwela, nyama ya nyati wa kufugwa iliyobanikwa, ikachanganywa na tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, kisha ikamiminiwa mafuta ya haradali ya moto ambayo mbegu za uwatu zimeungulia ndani hadi zikawa nyeusi. Halafu soya nyeusi za kukaanga, kunde, vipande vya tangawizi mbichi, yai la kuchemsha lililopitishwa kwenye mafuta, dagaa wakavu, na wo, kachapati kanene ka choroko nyeusi zilizosagwa. Kinywaji ni aila, na nisizunguke: ni gongo ya mchele.

Sasa jamani, karibu vyote hivyo hapa Marekani vinapatikana. Duka la Wahindi lipo, la Wanepali lipo. Lakini naona familia zinaacha. Mzazi anapika, mtoto anapiga picha, mjukuu anajua yomari tu, lile donge la unga wa mchele la kuvukizwa, kwa sababu ina sukari. Nimekaa na wazee wa upande wa mke wangu nikagundua kwamba tatizo halianzii dukani. Linaanzia kwenye guthi.

Guthi ni chama cha ukoo au cha mtaa, kila kimoja na kazi yake. Kuna cha mazishi, kuna cha kutunza hekalu, kuna cha kuabudu mungu wa ukoo. Vingi vilikuwa na mashamba, na mavuno ya mashamba hayo yalilipia ibada na karamu. Kila mwaka zamu inahamia nyumba nyingine, na zamu ikikufikia huna ujanja, utalisha watu. Kwenye karamu yenyewe, bhwey, watu wanakaa chini kwenye mkeka mrefu, mwenye umri mkubwa kuliko wote mwanzo wa mstari, mbele ya kila mmoja sahani ya majani makavu yaliyoshonwa, na vyakula vinakuja kwa mpangilio ambao mpishi hauchezei. Mwaka 2019 serikali ilipoleta muswada wa kuviweka vyama hivi chini ya mamlaka yake, umati mkubwa ulijaa barabara za Kathmandu mpaka muswada ukaondolewa.

Ukipanda ndege kuja huku unabeba mapishi, shamba la guthi linabaki. Unapika kwa sababu umejisikia, na mwaka ambao hukujisikia hakuna wa kukudai. Hapo ndipo panapovuja.

Nataka kusikia kwa walioko Ghuba, Uingereza na kwingineko wanaoishi na hawa watu. Kwenu wanafanyaje?

---

BintiRufiji

Mkuu, hiyo baji mbona pepeta kabisa? Bibi alikuwa anavuna mpunga ukiwa haujakomaa, anaukaanga, anautwanga kinuni, tunakula na nazi na sukari. Ila sisi hatukuwekewa nyama pembeni wala gongo, ingawa babu alikuwa na utaratibu wake.

---

MkweWaPatan

Hahaa, babu tumwache. Ndiyo, ni pepeta, ila wao wanatumia mpunga uliokomaa. Iliyo bora kwa wengi inatokana na mpunga wanaouita taichin, mbegu yenye asili ya Taiwan. Poha, yaani pepeta ya Kihindi ya dukani huku, ni nyembamba mno, ukiitia mchuzi inakuwa uji. Mama mkwe anaibonyeza kwa vidole juu ya pakiti na kuirudisha kwenye rafu.

Na kuna sababu karamu zao ni za baji badala ya wali. Zamani wali wa kuchemsha ulikuwa na masharti makali ya tabaka, nani ale kwa mkono wa nani. Baji ilikuwa na masharti mepesi, kwa hiyo mliweza kukaa mstari mmoja watu wa nyumba tofauti. Tena haihitaji jiko siku ya shughuli. Ukiwa na watu sitini uani, hilo ni jambo kubwa.

---

Mlinzi_Doha

Mimi Mkenya, niko Doha kazi ya ulinzi, na chumbani tuko mchanganyiko na Wanepali. Mmoja ni Mnewari wa Bhaktapur. Nimesoma huu uzi nikacheka, kwa sababu shida zetu ni kinyume cha zenu.

Nyama ya nyati hapa imejaa. Inatoka India ikiwa imegandishwa, ni halali, na ni ya bei ya chini kabisa kwa friza. Jamaa yangu hajawahi kukosa. Kinachokosekana ni aila, maana ukikamatwa ukipika pombe nchi hii kazi imeisha na unarudishwa kwenu. Kingine ni ruhusa ya kutoka kazini. Sikukuu yao ya mwaka mpya, ambayo wanaifuata kwa kalenda yao ya Nepal Sambat iliyoanza 879, inaangukia siku yoyote ile kati ya Oktoba na Novemba. Msimamizi hajui hayo mambo.

Basi yeye huifanya usiku baada ya zamu. Inaitwa Mha Puja, wanauabudu mwili wao wenyewe, yaani uhai ulio ndani ya mtu. Unachora duara la mapambo sakafuni kwa unga kwa kila mtu wa nyumba, mnakaa kwa mstari kila mtu mbele ya lake, taa zinawashwa, kisha mnapewa sagan: yai, samaki, nyama, wo na kileo. Yeye alichora kwa kadibodi ndio asichafue sakafu ya kampuni. Alinichorea na mimi. Mimi ni wa kanisa, nilisita kidogo, halafu nikakaa. Badala ya aila alimimina juisi ya komamanga, akainua chupa juu kabisa ndio mkondo uwe mrefu, vile mama yake humimina kwa chombo chao cha shaba chenye mdomo mrefu.

Huyu hana guthi hapa, hana ukoo, hana jiko lake. Na hajaacha. Sasa utasemaje, mkuu?

---

MkweWaPatan

Nitasema huyo jamaa ana tarehe, na tarehe ndiyo nusu ya zamu. Hakungoja ajisikie. Mpe salamu zangu.

---

Kibarazani

Naona mnalikuza. Kila kabila likihama linapoteza kitu na linapata kingine. Siku hizi migahawa ya Kinewari ipo, Kathmandu kwenyewe imejaa na nje ya nchi inafunguliwa. Mtu akitaka chhwela aende akanunue kama tunavyonunua pilau. Kwani lazima kila mtu aloweshe soya kwake?

---

MkweWaPatan

Mgahawa nauheshimu. Lakini angalia kilicho kwenye menyu: chhwela, bara (ndiyo hiyo wo), chatamari ya unga wa mchele, yomari, na juju dhau, ile maziwa mgando ya Bhaktapur inayogandishwa kwenye vyungu vya udongo. Vitu ambavyo mgeni akionja mara ya kwanza anatabasamu.

Sasa kuna sapu mhicha: vifuko vidogo vya utumbo wa kitabu vinavyojazwa uboho, vinafungwa kwa uzi, vinachemshwa halafu vinakaangwa, unang'ata chote kwa mara moja mafuta yanapasuka mdomoni. Kuna takha, nyama ya nyati yenye ngozi inayoachwa igande yenyewe kwa baridi ya majira yale, na sanyakhuna, mchuzi mkali wa samaki wakavu ambao nao umeganda. Kuna kachila, nyama mbichi iliyosagwa na kuunguzwa juujuu kwa mafuta ya moto. Hivyo vinahitaji mchinjaji anayejua kukata kila kiungo na kukupa siku hiyohiyo. Kule mnyama alikuwa anatumika wote, na kwenye karamu za guthi kichwa cha mnyama aliyetolewa sadaka kinagawanywa, jicho, sikio, ulimi, taya, kila kipande kwa mzee wa daraja lake. Nenda kwa bucha wa hapa ukamwambie unataka hivyo.

Kwa hiyo mgahawa unahifadhi kinachouzika. Hicho kingine kinakufa kimya, na watoto wanakua wakidhani chakula chao kilikuwa cha aina tano.

Na nyama yenyewe huku ni kesi. Nepal ng'ombe ni mnyama wa taifa, kumchinja ni jinai. Nyati ruksa. Marekani ng'ombe yuko kila kona na nyati wa kufugwa humpati kirahisi. Vijana wanasema kuna nyama imeandikwa buffalo. Yule ni bison wa nyika za huku, na kwa damu yuko karibu na ng'ombe kiasi kwamba wakipandishwa wanazaa, wakati nyati wa Asia na ng'ombe hawazaani kabisa. Nilipolieleza hili mezani, nyumba iligawanyika. Shemeji anaendelea na bison wake, anasema jina linamtosha. Mama mkwe alihamia kwenye bata, ambayo hata kwao chhwela yake inajulikana. Ukiniuliza mimi, bata ni tamu zaidi, ila nikisema hivyo Patan nitafukuzwa.

---

Mpemba_Auckland

Ukitaka nyati njoo Tanzania mkuu, Katavi wamejaa, ila huyo atakuchinja yeye.

Kuhusu aila: New Zealand sheria inaruhusu mtu kupika pombe kali kwa matumizi yake mwenyewe tangu 1996. Mimi sinywi, lakini jirani yangu Mnewari ana kamtambo kake gereji na hana wasiwasi na polisi. Anasema jamaa zake wa Sydney wanamwonea wivu.

---

MkweWaPatan

Ana haki ya kuringa. Hapa Marekani kuitonesha nyumbani bila leseni ni kosa la shirikisho, japo bia ya nyumbani imeruhusiwa, galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, 200 kwa kaya yenye watu wazima wawili au zaidi. Ndiyo maana kwetu thon, ile pombe nyeupe ya mchele inayochachushwa kwa hamira ya marcha, imechukua nafasi ya aila kwenye sagan. Wazee wanaguna. Wanakunywa.

---

DadaWaReading

Nimesoma kimya mpaka hapa, sasa niseme. Mimi ni muuguzi Uingereza, na wodini kwetu wapo Wanewari wawili ambao sasa ni mashoga zangu.

Kwanza la moshi. Chhwela halisi, ile nyeusi, inachomwa kwa moto wa nyasi za mpunga. Flati za huku king'ora cha moshi kinalia hata ukichoma mkate. Mmoja anatumia kile kitochi cha gesi cha kuunguzia sukari, anazungusha nyama bustanini akiwa amevaa koti. Harufu ya nyasi haipo. Mafuta ya haradali nayo chupa imeandikwa ni ya kupaka mwilini tu, na kila mtu anainunua kupikia.

Pili, na hili ndilo limenitoa kimya. Kaka MkweWaPatan, hiyo zamu unayoisifia, nani alikuwa anaamka saa tisa usiku? Shoga yangu mmoja ananiambia alipotoka Kathmandu alishusha pumzi. Sikukuu kila mwezi, kila moja na chakula chake, na aliyeolewa ndiye anayeloweka, anayesaga, anayeosha vyombo vya ukoo mzima na kula wa mwisho. Ukisema "panavuja", yeye kwake hapo ndipo alipopata usingizi. Msituletee guthi nyingine huku halafu tukabaki sisi jikoni.

---

Kibarazani

Hapo sasa.

---

MkweWaPatan

Dada, hilo sina la kulipinga, na mke wangu angekupigia makofi. Kwenye ukoo wao kuchinja na nyama za karamu kubwa ni kazi ya wanaume, na wanaijua kweli. Lakini kuloweka, kusaga na kuvukiza ni kwa wanawake, na hiyo ndiyo kazi isiyoonekana.

Tulichofanya huku, familia kadhaa za jirani, ni kugawana kalenda. Kila nyumba ina sikukuu moja tu kwa mwaka, na inahama mwaka unaofuata. Masharti ni kwamba nyumba yenye zamu inapika na wanaume wake ndani, wageni wanaosha vyombo. Nyumba ikiwa na msiba au mtoto mchanga inabadilishana na nyingine, hairuki. Sisi safari hii tumeangukiwa na Yomari Punhi, sikukuu ya yomari. Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu nikiwa na unga kwenye kucha.

---

BintiRufiji

Basi tupe yomari inavyopikwa, na utuambie ulichokosa huko.

---

MkweWaPatan

Yomari ni donge la unga wa mchele lenye ncha ndefu upande mmoja, ndani tupu, linajazwa chaku, linavukizwa. Linapikwa mwezi mpevu wa Novemba au Desemba, mpunga mpya ukishaingia ghalani. Kuna watoto wanaopita mlango kwa mlango wakiimba kuomba, na mtoto akifikisha miaka miwili, minne, sita na kuendelea hivyo kwa namba shufwa hadi kumi na mbili, anavishwa shada la yomari shingoni.

Siri iko kwenye unga. Wa pakiti ni mkavu, ukiukanda ncha inapasuka. Na usichukue wa mchele wa kunata, utakwama kwenye vidole mpaka Krismasi. Fanya kama mama zetu wa pwani wanavyofanya vitumbua: loweka mchele usiku, chuja, tandaza kwenye kitambaa upungue maji, saga kwa blenda, chekecha. Unga ubaki na unyevu. Mimina maji ya moto kabisa kidogokidogo, koroga kwa mwiko, ukipoa kiasi ukande hadi uwe laini. Funika kwa kitambaa kibichi muda wote.

Chaku ni maji ya miwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, yakavutwavutwa kwa mkono hadi yakashika. Tokha, kaskazini ya Kathmandu, ndiko kunakosifika. Huku natumia sukari guru ya duka la Wahindi, naiyeyusha kwa kijiko cha samli na maji kidogo, natia ufuta uliokaangwa na kuusagasaga. Iwe nzito kama lami, ikiwa nyepesi itatoboa ganda.

Kuunda: paka mafuta kidole cha shahada, chukua donge, tumbukiza kidole katikati, zungusha huku mkono wa pili unavuta ganda liwe jembamba. Ncha inajitokeza yenyewe upande wa ukucha. Jaza, bana mdomo, weka kwenye sufuria ya mvuke dakika kumi mpaka kumi na tano. Ganda likianza kung'aa, epua. Mama mkwe anaunda kumi wakati mimi naunda moja, na ile moja anaipanga nyuma ya zake.

Ambacho sijapata mbadala ni lapsi, lile tunda chachu wanalolifanyia achari na mchuzi. Ukwaju unatia weusi, embe bichi halina ule utelezi. Za kukaushwa zinakuja mizigoni na wageni, basi.

---

Mlinzi_Doha

Jamaa nimemsomea hii. Anasema kwao Bhaktapur ncha huwa ndefu zaidi na nyinyi wa Patan mna uvivu.

Amesema pia kwamba wao kuishi mbali si jambo la juzi. Eti wafanyabiashara wao walikaa Lhasa, Tibet, karne na karne?

---

MkweWaPatan

Kweli tupu. Walikuwa na maduka Lhasa, wengine wakaoa huko na kuwa na nyumba mbili, moja bondeni na moja juu, mita zaidi ya 3,600 ambako mpunga hauoti. Na ona walichofanya: walijigawa katika vyama kumi walivyoviita pala, kila kimoja na ibada na karamu zake, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusherehekea peke yake. Iliendelea hivyo mpaka vita vya India na China vya 1962, njia ya misafara kupitia Sikkim ilipofungwa. Inasemekana hata momo iliingia Kathmandu kupitia hao. Kwa hiyo waliotoka na chakula chao walirudi na cha wenzao, na leo Mnewari akikosa momo analalamika kana kwamba ni ya babu yake.

---

Kibarazani

Sasa hapo umenisaidia mimi. Kama momo ilitoka Tibet ikawa yao, basi bison wa shemeji naye apewe muda.

---

MkweWaPatan

Mwambie mama mkwe, mimi nina watoto wadogo.

---

Mlinzi_Doha

Wacha niulize jambo la maana. Agosti kuna ile supu ya mbegu tisa zilizochipuzwa, kwati. Jamaa anataka tuifanye chumba kizima kwa kuwa haina nyama wala pombe, kila mtu anaweza kula. Tuna choroko, kunde, dengu, njegere. Mbegu gani zingine?

---

MkweWaPatan

Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kwenye kalenda, na kwa mwili ndiyo ilitungwa, kuwarudishia nguvu wakulima baada ya kupandikiza mpunga. Ongeza soya, choroko nyeusi, maharage madogo na fiwi, ambayo nyinyi mnaita njahi. Ya tisa wao hutumia maharage mchele ya kwao. Mama mkwe akiyakosa anatia mbaazi na hasemi kitu. Chemsha na tangawizi, kitunguu saumu, bizari na binzari nyembamba mpaka ziive kabisa, maharage na njahi msiyale nusu mbichi. Mwisho kaanga mbegu za ajwaini kwenye samli na umwagie juu.

---

DadaWaReading

Soya na fiwi ziloweke mbali na zingine, zinachelewa kuchipua. Zikishalowa chuja maji yote, funga kwenye kitambaa kibichi, suuza asubuhi na jioni. Kwa joto la Doha siku mbili zinatosha, ukiziacha ya tatu zitanuka chumba kizima. Na ni wewe Mlinzi utakayesuuza, si jamaa peke yake.